Panya Alipokuwa Habari

Sisi tuliokulia Lushoto miaka ya 1980 tuna tabia moja inayowashangaza watoto wetu. Tukikuta panya amekufa njiani, hatumpigi teke wala hatumruki. Tunasimama hatua kadhaa nyuma, tunamkagua kwa macho. Ana alama za meno ya paka? Mgongo umevunjwa na mtego? Au amelala tu, hana hata mchubuko? Huyo wa mwisho ndiye tuliyefundishwa kumwogopa. Watoto hucheka. Kwao panya aliyekufa ni uchafu wa kufagiwa. Kwetu alikuwa habari, tena habari iliyotakiwa kumfikia mkubwa kabla jua halijazama.

Tauni iliripotiwa kwa mara ya kwanza wilayani kwetu Aprili 1980. Nchi ilikuwa inaijua tangu zamani. Mwaka 1897 ilikuwa imeua watu Kiziba, kule Bukoba, na Robert Koch, Mjerumani yule aliyesifika kwa kuwatafuta bakteria, akaithibitisha. Lakini kwetu, kwenye milima ya Usambara, ilikuwa ngeni. Wazee waliokuwa na jina na dawa ya kila ugonjwa hawakuwa na la kusema kuhusu huu. Na ulipoingia haukutoka upesi. Kuanzia mwaka huo hadi 2004 waliandikishwa wagonjwa zaidi ya 7,600 wilayani Lushoto, na 577 kati yao wakafariki. Ni robo karne nzima. Mtoto aliyezaliwa siku mgonjwa wa kwanza anapelekwa hospitali alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake ndipo ugonjwa ukanyamaza.

Shume, Viti, Manolo, Gologolo, Nywelo: leo majina hayo ya vijiji vyetu ni ya kabichi, viazi na karoti, yanasomwa kwenye magunia sokoni Dar es Salaam. Wakati ule yalisomwa kwenye taarifa za wizara. Ugonjwa ulipanda kuelekea mwisho wa mwaka, ukashuka miezi michache baada ya mwaka mpya, halafu watu wakaanza kusema umekwisha. Mwaka uliofuata ukarudi, safari nyingine kijiji kilekile, safari nyingine ukaruka bonde na kutua ng'ambo.

Kuelewa kwa nini ulitupata sisi, sharti ujue tulivyokuwa tunalala. Shume kuna baridi. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, moto unawaka ndani, na juu ya moto kuna dari ya fito ambapo mama alihifadhi mahindi ili moshi uyakinge na wadudu. Mpango ulikuwa mzuri kwa mahindi. Kwa panya ulikuwa mzuri zaidi: chakula, joto na giza vyote mahali pamoja. Watoto tulilala chini, kwenye mkeka au ngozi, tumeyasogelea mafiga. Panya juu, watoto chini, viroboto katikati.

Bakteria mwenyewe, Yersinia pestis, hakuwa na habari na sisi. Alexandre Yersin alimtambua Hong Kong mwaka 1894, na miaka minne baadaye Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, akaonyesha kwamba kiroboto ndiye anayembeba. Makazi yake ni kwa panya wa porini na mashambani, ambao baadhi yao humbeba bila wote kufa. Kwetu aliyetajwa sana alikuwa panya shamba, Mastomys natalensis, mnyama mdogo wa kijivu ambaye jike lake linaweza kuwa na chuchu hadi 24, na mvua zikinyesha vizuri hazikai bure. Shamba likishavunwa anaifuata nafaka nyumbani. Huko anakutana na panya wa darini, wanabadilishana viroboto, na ugonjwa wa porini unakuwa umepata njia ya kuingia ndani.

Linalofuata ni jambo ambalo lingewachekesha watu kama lisingeua. Bakteria huongezeka ndani ya kiroboto mpaka wakaziba njia ya kuingilia tumboni. Kiroboto ananyonya damu, haishuki. Njaa inamzidi, anauma tena, anatapika damu aliyoshindwa kuimeza pamoja na bakteria ndani ya kidonda, halafu anahamia kwingine kujaribu bahati. Panya anakufa, mwili unapoa, na viroboto, wasiopenda kitu cha baridi, wanahama kutafuta damu ya moto. Aliye karibu zaidi ni mtoto aliyelala chini ya dari.

Ndiyo maana panya aliyekufa bila sababu alikuwa habari. Alikuwa anatuambia kwamba kuna viroboto wenye njaa wamebaki bila mwenyeji, na kwamba tuna siku chache tu. Mtu akishaumwa, homa humjia ndani ya juma moja, kwa ghafla, na kichwa kinachogonga. Halafu mtoki, uvimbe mgumu wa kinenani au kwapani ambao mgonjwa hataki hata shuka iuguse. Bila dawa, tauni hii ya mitoki huua kati ya watu watatu na sita katika kila kumi. Ikishuka mapafuni huambukiza kwa kikohozi, na hapo bila dawa karibu hakuna anayepona. Kwa sindano za streptomaisini au vidonge vya tetrasaiklini vilivyoanza mapema, wengi walirudi nyumbani. Tofauti ya kaburi na kitanda cha zahanati ilikuwa siku moja au mbili, na siku hizo ulizipata kwa kuwahi kumwona panya.

Kijiji chetu kilijipanga kwa sababu hiyo. Balozi wa nyumba kumi alikuwa na daftari la shule, la mistari, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Jioni alipita nyumba kwa nyumba, anabisha hodi, anakaa kigodani, anauliza maswali matatu: Kuna mwenye homa? Kuna mgeni aliyelala hapa? Kuna panya aliyeokotwa? Mama alijibu kwa heshima, "Hapana, baba balozi, leo salama," na yeye akaandika. Likitajwa jambo, mtu alitumwa usikuusiku kwa bwana afya. Watoto tulikuwa sehemu ya mpango. Tulijua kutomshika panya kwa mkono, kutomrushia mwenzako kwa mchezo, kukimbia kumwita mkubwa aje na jembe na mafuta ya taa.

Bwana afya alikuja na watu wenye pampu za kupulizia unga wa dawa. Vyombo vilitolewa nje, mikeka ikaanikwa, nyumba ikajazwa unga hadi kwenye nyufa. Wengi walinung'unika: kwa nini mnaua viroboto na panya mnawaacha? Ilibidi waelezwe mara nyingi kwamba ukianza na sumu ya panya, unawatimua viroboto kuelekea kwenye mkeka wako. Kwanza viroboto, panya baadaye. Hilo bibi yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alilijua na kulisimulia vizuri kuliko madaktari wengine niliokuja kukutana nao ukubwani.

Halafu walikuja watu wa Morogoro, wale wa utafiti wa panya ambao kituo chao leo kiko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Taarifa ya kitaalamu kuhusu mlipuko wetu wa kwanza ilitolewa mwaka 1982 na Kilonzo na Mhina, na jina la Kilonzo likabaki milimani miaka mingi baadaye. Kwetu watoto walikuwa watu wa ajabu kweli. Waliingia mashambani na masanduku madogo ya bati, wakawategea panya na kuwatoa wazima. Waliwachana manyoya juu ya beseni jeupe, viroboto wakaanguka, wakahesabiwa. Usiku waliweka taa katikati ya sahani ya maji sakafuni, asubuhi wakaja kuvuna viroboto waliorukia mwanga. Wakachukua na damu za mbwa, kwa sababu mbwa anayekula panya huambukizwa bila kuugua sana, na damu yake huweka kumbukumbu ya kilichopita kijijini. Paka hana bahati hiyo. Yeye huugua, hufa, na anaweza kumwambukiza anayempakata. Wazee walitazama haya yote na kutikisa vichwa. Serikali inasomesha watu mpaka chuo kikuu, kumbe waje kuhesabu viroboto wetu!

Sitaki kuupamba wakati ule. Palikuwa na hofu iliyokula undugu. Ugonjwa uliingia nyumba moja ukaua watatu, ukairuka ya jirani, na katika kijiji ambacho watu wanajuana tangu babu, hilo lilitosha kuzaa maneno. Wapo walioitwa wachawi kwa sababu tu viroboto hawakupita kwao. Wapo waliowaficha wagonjwa, wakawapeleka usiku kwa waganga, na siku zile mbili za thamani zikaishia kwenye chale. Na palikuwa na misiba. Marehemu wa tauni hakuoshwa na ndugu zake, hakulazwa sebuleni, hakuzungukwa na watu usiku kucha. Alizikwa upesi, wachache wakiwa mbali. Kwa Waislamu na Wakristo wa milimani kwetu, ambao kuzikana ndiyo kipimo cha ujirani, hilo lilikuwa jeraha la peke yake. Nawajua watu ambao hadi leo wakitaja ndugu aliyekufa miaka ile, hawazungumzii ugonjwa. Wanazungumzia kwamba hawakumwosha.

Halafu kukanyamaza. Baada ya 2004 hapakuwa na mlipuko mwingine Lushoto. Kila Oktoba tulisubiri, Oktoba ikapita. Na lazima niseme kwa haki kwamba maisha yamebadilika kwa namna ambayo ingewapendeza wale mabwana afya. Nyumba nyingi ni za tofali na bati, sakafu ya saruji. Watoto wanalala vitandani. Jiko limetolewa nje, mahindi hayakai tena juu ya vichwa vya watu. Mboga inayovunwa asubuhi inapakiwa lori jioni, haipati muda wa kumshibisha panya. Kama kuna ushindi, sehemu yake kubwa ni hii, na hakuna aliyetoa hotuba juu yake.

Ila pamoja na ugonjwa umekwenda na utaratibu. Balozi wa nyumba kumi, tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, ni kiongozi wa chama tu. Mwenyekiti wa kitongoji ana mambo ya ardhi na michango. Lile daftari halina mrithi. Sumu ya panya inauzwa gulioni kwa vipakiti, na anayeinunua haulizwi wala haambiwi chochote kuhusu viroboto. Vijana wetu wa afya ni hodari, wanajua malaria, presha na sukari, lakini wengi wao walizaliwa tauni ikiaga au imekwisha kuaga. Mtoki wameuona kwenye kitabu. Sisi tuliouona kwa macho tunazeeka, na hatukuulizwa.

Wenzetu wa Mbulu wangeweza kutuonya. Kwao tauni ilikuwa imekaa kimya kwa takriban miaka 30, mpaka ikarudi mwaka 2007. Mwaka 2003 ilizuka karibu na Oran, Algeria, mji ambao Albert Camus aliufanya mandhari ya riwaya yake ya tauni mwaka 1947. Ilikuwa imepita nusu karne bila mgonjwa. Na Madagaska, ambako haijawahi kuondoka, mwaka 2017 ilishuka kutoka milimani hadi mijini, ikakaa mapafuni, na katika miezi michache wakaandikishwa wagonjwa zaidi ya 2,400 na vifo zaidi ya 200. Kimya cha tauni ni shughuli za panya na viroboto wakiwa peke yao huko porini. Kinachokosekana ni mtu wa kupita katikati yao.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba panya hana bakteria mmoja tu. Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa, uchovu, na kutokwa damu puani. Wagonjwa 20, vifo vitatu. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilishika roho, majina ya kutisha yakatajwa mitaani, mpaka wizara ikatangaza kwamba ni leptospirosis, ambayo wengi waliisikia kwa jina la homa ya mgunda. Bakteria wake hukaa kwenye figo za panya na za wanyama wengine, wakiwemo ng'ombe na nguruwe. Panya hana habari, anakula na kuzaa, na kila akikojoa anawamwaga. Wanaishi kwenye maji na udongo mbichi kwa majuma, wakisubiri mguu wenye mchubuko au jicho lililorushiwa tope. Hakuna kiroboto, na wala panya hahitaji kufa kwanza. Maarifa yetu yote ya kumkagua panya njiani hapa hayatufai kitu, na hiyo ndiyo dhihaka yenyewe: tulifundishwa kumwogopa panya aliyekufa, huyu hatari yake iko akiwa hai.

Kwa Morogoro halikuwa jambo geni. Watafiti walikuwa wamewakuta bakteria hao kwa panya, kwa mifugo na kwa watu miaka mingi kabla. Aina mojawapo, iliyopatikana kwa ng'ombe, ilipewa jina la Sokoine. Kwa sisi wengine zilikuwa habari mpya kabisa, kana kwamba waliokuwa wakihesabu viroboto wetu walikuwa wanaandika kwa wino usioonekana.

Upande wa Kilimanjaro, watafiti walifanya kazi moja ambayo ningependa isomwe kwenye kila baraza la kijiji. Mwaka 2007 na 2008, katika hospitali mbili za Moshi, walipima wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 waliandikiwa kwamba wana malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa visababishi halisi yalikuwamo maambukizi ya bakteria kutoka kwa wanyama, leptospirosis ikiwa mbele, na hao wagonjwa hawakuwa wameshukiwa kuwa nayo walipopokelewa. Maana yake ni kwamba watu walikunywa dawa ya malaria kwa ugonjwa wa panya au wa ng'ombe, na aliyepona alimshukuru Mungu na dawa isiyomhusu.

Wajukuu wetu, wao, wana panya wao. Wanamjua Magawa, panya buku aliyefunzwa na shirika la APOPO hapo hapo Morogoro, akanusa mabomu ya ardhini Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Wenzake wananusa kifua kikuu kwenye makohozi, na wamewapata wagonjwa ambao hadubini iliwakosa. Nafurahi nao kwa dhati. Sikutegemea kuishi mpaka nione panya akivishwa medali. Nawaambia tu kwamba panya buku wa porini, ndugu zake Magawa ambao hakuna aliyewapima wala kuwafunza, nao wamekutwa na leptospira palepale Morogoro. Wananitazama kwa huruma ile wanayompa mzee asiyejua kufurahi.

Sidai turudishe hofu. Ile ilitugawa, na viroboto hawakuiogopa. Ninachokililia ni lile swali la jioni. Siku hizi ukienda zahanati na homa utaulizwa kama unalala kwenye chandarua, na ni vizuri. Huulizwi kama panya wanakufa nyumbani, wala kama ulilima bondeni miguu mitupu, wala kama unachota maji ambako mifugo inakunywa. Kwa hiyo nimeanza kujibu bila kuulizwa. Muuguzi kijana wa kwetu mwanzoni alidhani namtania. "Mzee, panya tena?" Nikamweleza habari za mwaka 1980, akaniacha nimalize, kisha akaandika pembeni mwa karatasi, kwa sababu fomu haina mahali pa panya. Mstari mmoja ungetosha. Balozi wetu aliuchora mwenyewe, kwa rula ya mwanawe.